Nanga ya Mkanda: uchambuzi wa kisa cha nahodha mmoja na abiria wake

Kisa hiki kilitokea katika visiwa vya Lamu, msimu wa kusi, upepo mkali utokao kusini. Majina ya watu, kijiji walikotoka, jina la chombo na mwaka vimeondolewa, na mambo madogo madogo yamebadilishwa ili mtu asitambulike. Nimezungumza na nahodha, baharia wake mkongwe, mwenye chombo na baadhi ya abiria. Pale maelezo yao yalipogongana nimesema hivyo.

Mimi hukitumia kuwafundisha watu wasio wa baharini kabisa: wasimamizi wa zamu hospitalini, wakuu wa shule, mameneja wa hoteli. Hakina maafa wala shujaa. Mwisho wake haumthibitishi mtu yeyote kuwa alikuwa sahihi, na ndiyo maana nakipenda.

Usuli

Chombo kinachotoka kisiwa cha Pate kwenda Lamu mjini hupita Mkanda, mkondo mwembamba baina ya kisiwa cha Manda na bara, mikoko huku na huku. Wimbi halifiki humo, lakini wakati wa kisa hiki kina kilikuwa kidogo. Maji yakipwa, mashua yenye shehena haikupita. Ikilazimisha, ilipwelewa na kukaa juu ya matope mpaka maji yarudi. Asiyetaka kungoja huzunguka nje: hutoka Ghuba ya Manda kando ya Manda Toto, hushuka ufuo wa nje wa Manda huku akilikabili kusi usoni, kisha huingia kwa mlango wa Shela, ambako bahari ya wazi hukutana na mkondo wa ndani na wimbi huvunjika. Kuanzia Juni hadi Agosti kusi huwa na nguvu zake zote. Wapo wanaopita nje miezi hiyo, na aghalabu hufika.

Siku ya kisa ilikuwa ya bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpya au mpevu. Pwani hii maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Hujaa mnamo saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na tena jioni, na hupwa kabisa baina ya saa nne na saa tano. Kila mtoto wa visiwani anayajua haya. Hakuna aliyekosea kwa kutojua.

Nahodha alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu. Usukani aliurithi kwa babake, lakini chombo si chake; mwenye chombo ni mfanyabiashara wa mjini. Alikuwa na mabaharia wawili: kijana mmoja, na mzee aliyefanya kazi na babake, ambaye chombo kizima humwita Ami. Abiria walikaribia thelathini. Miongoni mwao alikuwamo maalim mmoja mwenye heshima yake, kina mama na vikapu vyao, wanafunzi, na familia ya wafiwa waliokuwa wakienda kumzika shangazi yao mjini. Jeneza lilikuwa liswaliwe baada ya swala ya adhuhuri.

Yaliyotokea

Chombo kilitakiwa kung'oa nanga saa kumi na moja kamili alfajiri. Dakika chache kabla, mwenye chombo alipiga simu: wafiwa wako njiani kwa bodaboda kutoka kijiji kingine, wangojwe. Nahodha akaitikia. Ami anasema alimwambia, "Maji yaenda." Nahodha hakumbuki kuyasikia maneno hayo, baharia kijana anakumbuka kwamba yalisemwa, na jibu likawa "najua, Ami". Wafiwa walifika, wakapakiwa, wakapewa pole, na chombo kikaondoka saa moja kasorobo.

Saa mbili na robo walikuwa kwenye mdomo wa Mkanda. Nahodha alipunguza injini, akaenda mwenyewe omo, mbele ya chombo, akatia upondo, ule mti mrefu, apime kina. Akasogea kidogo, akautia tena. Mara ya tatu upondo ulirudi na matope mbali na pale alipotaka. Akarejea tezi, nyuma ya chombo, akazima injini na kuamuru nanga itiwe.

Maalim ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza. Nahodha akamjibu, "Tungoje kidogo, Maalim, tuyatazame maji."

Neno hilo "kidogo" lilimgharimu sana. Kila baada ya muda mtu aliuliza kama kidogo bado hakijaisha, naye akajibu vilevile. Mnamo saa tatu mashua nyingine iliyotoka Pate, yenye ukubwa wa kukaribiana na yao na abiria wachache zaidi, iliwapita. Nahodha wake aliutazama mdomo wa Mkanda, akageuza na kuelekea Manda Toto. Walioachwa waliona mgongo wake ukienda nje.

Hapo sauti zikapanda. Maalim, kwa upole ule ambao ni mzito kuliko ukali, alisema: "Mwanangu, babako alikuwa akipita nje kwa tanga peke yake. Wewe una injini. Waogopa nini?" Mwenye chombo akapiga simu tena. Hakusema "pita nje". Alisema, "Wewe ndiye nahodha, lakini ujue watu hawa ni watu wa msiba." Mmoja wa vijana alianza kuchukua video kwa simu huku akisimulia. Nahodha akamfokea kwa maneno ambayo abiria walioyasikia hawakutaka kunitajia, kisha akawapa wote mgongo, akaketi tezi akiitazama bahari.

Ami alimfuata. Alimwomba waende omo pamoja, akampa upondo na kipande cha kamba. Wakafunga kamba kwenye upondo pale ambapo maji yangepaswa kufika ili chombo kile, na shehena ile, kipite bila kugusa. Kisha Ami akamwita kijana yule yule wa simu na kumwambia kazi yake sasa ni kuutia upondo kila robo saa na kusema kwa sauti maji yako wapi kutoka kwenye kamba.

Nahodha akasimama katikati ya chombo na kusema: "Maji hayatatosha kabla ya saa saba. Nje siendi. Mazishi yatatupita, na lawama ni yangu." Akaenda akaketi karibu na mkubwa wa wafiwa. Hawakuzungumza sana.

Saa nne kupita, simu ya mmoja wa abiria ililia na akaiweka sauti ya wote. Ilikuwa ni kutoka ile mashua nyingine: "Sisi tushafika, nyinyi mko wapi?" Walikuwa wamelowa hadi kichwani na bibi mmoja alikuwa ametapika njia nzima, lakini walikuwa gatini, salama. Abiria wa chombo kilichotia nanga walimtazama nahodha wao. Hakusema kitu. Kijana wa upondo akatangaza kipimo.

Saa saba na nusu maji yaliifikia kamba. Walipita Mkanda bila kugusa, wakafika mjini saa nane na robo. Shangazi alikuwa ameshazikwa.

Maamuzi na sababu zake

Pale Mkanda nahodha alikuwa na njia nne. Kulazimisha kupita, na hilo aliliondoa kwa upondo. Kuwashusha watu upande wa bara watafute bodaboda hadi Mokowe, gati la bara la kuvukia kwenda Lamu mjini: kati ya chombo na nchi kavu yalikuwapo matope ya mikoko ya kufika magotini, chomboni mlikuwa na wazee na watoto, na eneo la bandari mpya lina walinzi wake na si kituo cha abiria. Kupita nje. Kungoja.

Nilipomuuliza kwa nini hakupita nje alinipa sababu tatu, wala hakuna iliyokuwa ya kishujaa. Injini ilikuwa imesumbua juma lile na alikuwa hajaiamini. Jaketi za kujiokolea zilikuwapo, lakini za watoto hazikutosha. Na alikuwa na jambo aliloamua zamani, kabla hajashika usukani peke yake: kusi likiwa kali na chombo kimejaa, nje haendi. Hakuamua pale Mkanda. Pale alikuwa akikumbuka tu.

Hilo la tatu ndilo wataalamu wa saikolojia wamelichunguza kwa muda mrefu. Peter Gollwitzer, katika makala yake ya mwaka 1999, alieleza kwamba mtu aliyejiwekea mpango wa namna ya "likitokea hili, nitafanya lile" hutekeleza nia yake kwa urahisi zaidi kuliko aliyebaki na nia peke yake. Akili iliyobanwa haina nafasi ya kupima upya kila kitu. Moyo hudunda, macho huona kilicho mbele tu, na sauti ya mtu wa karibu huwa kubwa kuliko hoja ya mtu wa mbali. Atakayeanza kufikiri hapo ameshachelewa.

Yaliyofaulu

Nianze na upondo, kwa kuwa abiria wote niliozungumza nao waliutaja wenyewe. Mpaka saa tatu na nusu ubishi ulikuwa kati ya watu na nahodha: yeye anaogopa, wao hawaogopi. Kamba ilipofungwa, ubishi ukahamia kati ya watu na maji. Mama mmoja aliniambia kwamba baada ya kipimo cha tatu alianza kuomba maji yapande, akaacha kuomba nahodha abadilike. Na aliyepewa upondo ni yule yule aliyekuwa akiuchochea umati. Ami hakusoma mafunzo ya uongozi popote, lakini nimewaona wakurugenzi waliosoma wakishindwa jambo hili: mpinzani wako mkali mpe kazi ya kupima ukweli, na umpe hadharani.

La pili ni zile sentensi tatu za nahodha. Ni habari mbaya tupu, na chombo kilitulia baada yake. Watu huweza kuvumilia saa kadhaa walizoambiwa kuliko "kidogo" kisicho na mwisho. Mkubwa wa wafiwa alisema kwamba aliposikia mazishi yatawapita, alilia, kisha akapiga simu mjini kuwaambia wasimsubiri. Kabla ya hapo alikuwa hajaweza hata kulia, kwa sababu bado alikuwa akipigania kufika.

La tatu ni kimya chake ile simu ilipolia. Niliwahi kukisifu mbele yake naye akacheka. Anasema hakuwa na la kusema, mikono ilikuwa ikimtetemeka akaibana chini ya mapaja. Sawa. Kutetemeka si kinyume cha uimara. Mikono ilitetemeka na nanga ikabaki chini.

Yaliyoshindikana

Kumfokea kijana kulikuwa kosa, na kuwapa watu mgongo kulikuwa kosa kubwa zaidi. Kwa dakika kadhaa chombo hakikuwa na mkubwa. Lakini sitaki kukaa hapo, kwa sababu wengi wakikisoma kisa hiki hudhani somo liko kwenye hasira: avute pumzi, ahesabu hadi kumi, yamekwisha. Pumzi inasaidia kweli. Kuitoa polepole, ndefu kuliko ulivyoivuta, hupunguza mapigo ya moyo. Haikomboi uamuzi mbovu uliofanywa saa kadhaa nyuma.

Kosa lenyewe lilifanyika gatini, alfajiri, kwa heshima na adabu. Mwenye chombo hakufoka. Wafiwa hawakufoka. Nani atawaacha watu wa msiba? Kungoja kulionekana kuwa utu, na kulikuwa utu. Lakini ule muda wa saa moja na robo tatu ndio uliowafanya wafiwa hao hao wakose mazishi. Kama angeondoka saa kumi na moja, Mkanda ungekuwa na maji tele, na wafiwa wangeachwa, wangelaumu, labda wangepata chombo kingine au wasingepata. Nahodha angelaumiwa na watu wachache kwa sababu iliyo wazi. Badala yake alilaumiwa na chombo kizima.

Huo ndio msimamo wangu kuhusu kisa hiki, na si kila mtu hukubaliana nami: nahodha huyu alihitaji ujasiri wa saa tano Mkanda kwa sababu alikosa ujasiri wa dakika moja gatini. Tunapozungumza juu ya kuijenga akili ya kiongozi, macho yetu hukimbilia kwenye dhoruba. Mimi naangalia simu ya alfajiri, yenye sauti laini, inayoomba jambo dogo. Shinikizo kubwa hujitangaza na mtu akajikaza. Shinikizo dogo huja na salamu, huuliza habari za nyumbani, na hupewa linachotaka.

Na hapo gatini kulikuwa na mtu aliyeona. Ami alisema "maji yaenda", mara moja, akanyamaza. Sisi tuna ile methali ya nahodha wengi na chombo kwenda mrama, na mara nyingi hutumiwa kuwanyamazisha mabaharia kuliko kuwaongoza. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa ndege wa Tenerife, ndege mbili kubwa ziligongana kwenye njia ya kurukia na watu 583 wakafa. Rubani mkuu wa ndege ya KLM alikuwa mzoefu na anayeheshimika mno. Walikuwa wamecheleweshwa, muda wao wa kazi kisheria ulikuwa ukielekea kwisha, na ukungu ulikuwa umeshuka. Mhandisi wa ndege aliuliza kama ile ndege nyingine bado imo njiani. Akajibiwa kwa mkato, wakaendelea kukimbia. Baada ya ajali hiyo na nyingine za miaka ile, mashirika ya ndege yalianza kuwafundisha wakubwa kusikiliza na wadogo kusema mara ya pili. Ami hakusema mara ya pili. Nilipomuuliza sababu, alinitazama kama mtu anayemwonea huruma mgeni: "Nimshike mkono mbele ya watu?"

Matokeo

Mashua iliyopita nje ilifika salama. Hili ndilo jambo gumu zaidi katika kisa hiki. Kwa majuma kadhaa nahodha aliitwa "Nahodha Nanga" kwenye mabaraza ya kijijini, na baadhi ya abiria wake, hasa vijana, walihamia kwa yule mwingine. Mwenye chombo alifikiria kumbadilisha, mwenyewe amekiri. Hakuna ajali iliyotokea baadaye kumwondolea aibu, na namshukuru Mungu kwa hilo.

Mwaka 1988 Jonathan Baron na John Hershey walichapisha majaribio ambamo watu waliombwa kuupima uamuzi wa daktari kuhusu upasuaji wa hatari. Habari alizokuwa nazo daktari zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni kama mgonjwa alipona au alikufa. Mgonjwa akipona, watu waliuona uamuzi kuwa bora zaidi. Mabaraza ya Pate yalifanya vivyo hivyo bila ya majaribio. Yule aliyepita nje anaweza kuwa alikuwa na injini nzuri, abiria wachache na sababu zake, nami simhukumu. Lakini kufika kwake hakusemi lolote juu ya injini iliyosumbua ya chombo kingine, wala juu ya jaketi za watoto zilizopungua.

Nilipomweleza nahodha majaribio hayo alisikiliza kwa adabu, kisha akasema elimu hiyo ni nzuri ila haimrudishii nauli.

Kilichobadilika

Kuna ubao mdogo gatini unaoandikwa kwa chaki kila jioni: saa ya kuondoka, na chini yake saa ya mwisho ya kuupata Mkanda. Ubao huandikwa kabla hata abiria hawajakata shauri la kusafiri. Ikifika saa ya kuondoka simu ya nahodha iko mikononi mwa Ami, na Ami hapokei. Mimi na watu wa chombo tulikubaliana pia kwamba Ami akiona jambo atalisema mara mbili, na mara ya pili atatumia maneno yale yale, "nahodha, nakwambia tena", ili isionekane ni ubishi wa mtu bali ni desturi ya chombo. Mwanzoni alikataa. Alikubali tulipomwomba amfundishe hivyo baharia kijana.

Mazoezi tuliyoyafanya zaidi yalikuwa ya kukataa. Jioni, chombo kikiwa kimefungwa, Ami alijifanya mfiwa, mheshimiwa, mama mkwe, na nahodha akajizoeza kusema hapana kwa sentensi moja, kwa heshima, bila ya kueleza mno. Kueleza mno ndiko kulikomwangusha. Kila sababu ya pili ilikuwa mlango wa kujadiliana. Zoezi la mama mkwe lilirudiwa sana. Baadaye mjomba wa mkewe aliachwa gatini kweli kweli, na nyumbani kukawa na maneno kwa siku kadhaa.

Baadhi ya wazee wamerudi, Maalim akiwa wa kwanza, bila ya kusema sababu. Vijana wengi bado hawajarudi.

Ambalo halijapatiwa jibu ni la fedha. Chombo kikiondoka kwa saa yake na nusu ya abiria, dizeli ni ile ile, na mpaka sasa hasara hiyo hukatwa kwenye sehemu ya nahodha. Mwenye chombo anasema ubao ni wazo zuri. Nimemwambia kwamba maadamu kila dakika ya kutongoja hulipwa na mfuko wa mtu mmoja, ipo alfajiri moja ambayo mtu huyo atangoja. Anasema atafikiri.